derive(Parser) ya clap: tunachoamini na kinachotokea kweli

clap ni laibrari ya lugha ya Rust ya kusoma agumenti, zile --help na --port unazoandika baada ya jina la programu. Mtu akiona mara ya kwanza strakti (kifurushi cha fildi za data) ya Rust yenye #[derive(Parser)] kichwani, halafu programu inaanza kuelewa --help na --port yenyewe, anasema huu uchawi. Si uchawi jamani, ila dhana za uongo hapo zimejaa na mimi mwenyewe nilizibeba karibu zote.

Dhana: Rust yenyewe ndo inajua kusoma agumenti.

Haijui. Lugha inakupa std::env::args tu, yaani maneno uliyoandika kwenye terminali, basi. Ila toleo 1.15 la Februari 2017 lilifungua mlango laibrari zijitengenezee derive zao (makro, yaani kodi inayoandika kodi), laibrari ya structopt ikapita hapo, na clap 3 mwisho wa 2021 ikaimeza.

Dhana: inafanya programu iwe slo maana kila ikiwaka inachunguza strakti.

Hakuna kuchunguza. Kodi (sio ile ya TRA) inaandikwa wakati wa kukompaili, unabaki na Rust ya kawaida inayoita Command na Arg za clap kama ungeandika kwa mkono, piga cargo expand (zana ya kuonyesha kodi ambayo makro imeandika) uione. Gharama iko kwenye kukompaili, na hapo inauma kweli, kwa kaprogramu ka flagi (swichi kama --help) mbili mi natumia lexopt, laibrari nyingine ndogo.

Dhana: makro inaelewa aina za fildi zako.

Hii ndo baba lao. Makro inapewa tokeni, maandishi yaliyokatwakatwa, na inarudisha tokeni. Ni kama yule karani anayeandikia watu barua nje ya mahakama, anaandika unachomsomea, kesi yako haijui. Ikiona Option<String> inasema sawa, hii si lazima, ikiona bool inajua flagi haitaki thamani, Vec basi zinaweza kuwa nyingi, lakini inasoma jina tu! Sasa ipe Option jina la pili, andika type Labda<T> = Option<T> halafu tumia Labda<String>, kwa kompaila ni kitu kile kile, kwa makro ni mgeni kabisa, itaichukulia kama thamani ya kawaida na kompaila itakugomea na eror refu. Hata std::option::Option kwa jina lake zima haitambui, na hiyo ni makusudi, ndo njia waliyokuachia ya kukwepa ubashiri wake.

Dhana: ikishakompaili iko sawa.

Nilikuwa na host na port, zote nikazipa short (kifupi cha herufi ya kwanza ya jina), ikakompaili safi, kuirun tu ikapaniki, yaani ikajizima na eror: -h imeshachukuliwa na help. Maana -h ya help inaongezwa na Command programu ikiwaka, makro haijawahi kuiona. Na ukaguzi huo upo kwenye debug (programu ya majaribio) tu, ukijenga rilizi (ya kuwapa watumiaji) hakuna wa kukupigia kelele, kwa hiyo weka testi yenye Cli::command().debug_assert() (Cli ni jina la strakti yako), mstari mmoja tu.

Dhana: maelezo ya /// juu ya fildi ni ya sisi tunaosoma kodi.

Yanakuwa help yenyewe. Aya ya kwanza inatoka kwa -h, yote kwa --help, ukiandika Kiswahili inatoka Kiswahili (meseji za eror zinabaki Kiingereza, hilo bado linanikera). Mwenzetu mmoja aliandika /// hii tutaitoa baadae, bosi asijue. Bosi akapiga --help.