Zana za kuonesha afya kwa macho kwa wazee wanaoishi majumbani

Zana za kuonesha afya kwa macho ni vifaa na programu zinazoyageuza maelezo ya mwili, kama vile presha, sukari ya damu au saa za kumeza dawa, yakawa rangi, mistari na alama ambazo mzee anaweza kuzifahamu kwa kuzitupia jicho. Kipimo cha presha hakiingii katika maana hii kwa kuwa na kioo tu. Huingia pale kinapomsaidia mwenye kupimwa kujua kama anachokiona ni cha kumtuliza au cha kumpeleka kituo cha afya.

Tuchukue mfano wa bibi anayeishi Wete, Pemba, ambaye kipimo chake kinaonesha 148 juu na 92 chini. Daktari ataona mara moja kuwa kiwango cha 140 kwa 90, kinachotumika sana kutambua shinikizo la juu la damu, kimepitwa, lakini pia atataka vipimo vingine kabla ya kuhukumu, kwani presha hupanda mtu akitoka kutembea, akinywa kahawa au akiwa na hasira. Kinachomfaa bibi, basi, ni mchoro wa mstari unaokusanya vipimo vya wiki mbili na kumwonesha presha yake inaelekea wapi.

Hata hivyo, mchoro huo una mtego ambao watengenezaji wa mbali hawaufikirii. Wazee wengi wa Unguja na Pemba walianza kusoma chuoni, yaani madrasa ya Kurani, ambako jicho huzoea kutoka kulia kwenda kushoto. Mzee akiusoma mchoro kwa mazoea hayo, mstari unaopanda ataufahamu kuwa unashuka, naye atajipa moyo siku ile ile aliyopaswa kwenda hospitali. Dawa yake ni ndogo: majina ya siku yaandikwe chini ya mchoro, na kipimo cha leo kiandikwe kwa tarakimu kubwa kuliko vyote.

Rangi nazo hazitoshi peke yake. Lenzi ya jicho huelekea umanjano kadiri umri unavyosonga, hivyo buluu na kijani huwa vigumu kutenganishwa, na mtoto wa jicho hufifisha kila kitu. Kwa sababu hiyo rangi nyekundu iambatane na neno au umbo, si iachwe ijisemee.

Vipimo vya sukari vina tatizo jingine, hasa vinavyoletwa na jamaa kutoka ng'ambo: vingine huhesabu kwa milimoli kwa lita na vingine kwa miligramu kwa desilita, na 7 ya kwanza ni sawa na 126 ya pili. Zana isiyoonesha kizio chake waziwazi inaweza kumtia mtu hofu ya bure.

Baadhi ya programu hupeleka vipimo moja kwa moja katika simu ya mtoto aliye mjini, jambo linalofaa iwapo mzee mwenyewe ameridhia. Wala simu si sharti. Karatasi ya ukutani yenye mikanda ya rangi na maneno, ikijazwa kila asubuhi na mjukuu, inatimiza maana hiyo hiyo, na daktari wa Chake Chake ataisoma bila kuhitaji nywila.