Je, kupanua barabara humaliza foleni Nairobi?

Kuna ujumbe usiokauka kwenye magrupu ya WhatsApp: panueni barabara zote za Nairobi, foleni itaisha milele. Si kweli.

Upanuzi wa Barabara ya Thika ulikamilika mwaka 2012, na baadhi ya sehemu zikawa na njia nane. Leo, simama kwenye daraja la waendao kwa miguu pale Githurai saa moja asubuhi siku ya kazi, au fungua ramani ya simu uone wekundu unavyokolea kuelekea Pangani. Utajionea mwenyewe.

Kinachowachanganya watu ni nafuu ya mwanzo, ambayo huwa ya kweli. Ila barabara ikishakuwa nyepesi, aliyekuwa akitoka alfajiri huchelewesha safari, abiria wa matatu hununua gari, na nyumba za kupangisha huota Ruiru na Juja. Nafasi hujaa tena.

Barabara pana husafirisha watu wengi zaidi, hilo halina ubishi. Lakini bila njia maalumu za mabasi na vijia salama kwa maelfu wanaokwenda kazini kwa miguu, foleni hurudi.

Ukiletewa ujumbe huo, tafadhali usiusambaze. Mweleze kwa upole aliyekutumia. Wengi huutuma kwa nia njema.