Vidudu havizoei dawa, jamani

Juzi hapa maabara Lamu bibi mmoja kaleta mkojo kupima mara ya tatu, nikamwonyesha sahani yake ya kalcha: kile kikaratasi chenye dawa ya amoksilini vidudu vimeota mpaka ukingoni, hakuna hata kaduara ka kuonyesha dawa imeviua. Akanambia "mwanangu, vishazoea dawa hivi."

Havizoei! Bakteria kama E. coli ana herufi za DNA (maagizo yake ya urithi) milioni 4.6 hivi, na akishiba anajigawa kila dakika 20, yaani kitabu kizima kinakiliwe mbiombio. Waliokuwa wakinakili misahafu kwa mkono kule Siyu, kisiwani Pate, wangekwambia, ukienda mbio herufi itaruka tu. Mwandishi mwenyewe, enzaimu ya polimerasi, hurudi nyuma akafuta, kisha anapita mkaguzi, protini iitwayo MutS, anapapasa pale herufi mbili hazikuoana. Sasa atajuaje ipi asili, ipi nakala? Wino bana! Uzi wa zamani ushapigwa alama za kemikali, mpya bado, basi wenye wino mbichi ndo unakatwa na kuandikwa upya. Hii hunifurahisha mpaka leo.

Lakini makosa machache yanapenya, na mojamoja humfanya bakteria awe sugu, dawa isimuue, na mililita moja ya supu ya maabara iliyolala usiku ina bakteria zaidi ya bilioni, we hesabu. Mwaka 1952 wanasayansi Joshua na Esther Lederberg walichukua kitambaa cha mahameli, wakakigandamiza kwenye sahani ya bakteria isiyo na dawa wakapiga chapa kwenye sahani zenye dawa, na wakafuatilia mpaka kwenye ile ya kwanza, wakakuta sugu walikuwamo zamani, dawa hawajaionja kabisa. Dawa inaua wenzao tu, inawaachia uwanja.

Tena si lazima kila mmoja akosee mwenyewe. Nyumba zetu za mji zina wikio, kile kivuko cha juu kati ya nyumba mbili, sinia linavuka kwa jirani bila mtu kushuka mtaani, na bakteria nao hutoa mrija wakavutana, nakala ya plazimidi (kile kipete cha DNA) ikapita kwa mwenziwe, hata wa jamii nyingine, na plazimidi moja yaweza kubeba usugu wa dawa tatu nne kwa mpigo.

Bibi akasikiliza weee, mwisho akauliza "basi mimi nimeze nini?" Nikamgeuzia sahani upande wa pili, kwenye kikaratasi cha nitrofurantoini, pamezungukwa na duara pana tupu, vidudu havikuota, nikamwandikia kwenye ripoti ampelekee daktari.