Oili kwenye mitungi ya upepo: kompresa husingiziwa mengi

Dereva wa lori anafungua koki ya mtungi wa upepo wa breki alfajiri, na badala ya maji kidogo unatoka uji mweusi wenye harufu ya injini. Fundi wa kwanza anayeulizwa anajibu hata kabla ya kuingia chini ya lori: "Kompresa imekufa, leta nyingine." Pesa inatoka, kompresa (pampu inayojaza upepo mitungini) inafungwa, na mwezi haujaisha uji umerudi. Nimeliona hilo mara nyingi mno na linaniuma, maana lori hilo hilo ndilo litakalorudi na shaba kutoka Zambia na kuteremka mlima wa Kitonga kwa kutegemea breki hizo.

Dhana: oili yoyote ikionekana, kompresa imekwisha

Kompresa hulainishwa na oili ile ile ya injini, na hakuna ringi za pistoni zinazoziba kabisa. Oili kidogo hupita hata kompresa ikiwa mpya. Swali ni kiasi gani, na kwa muda gani. Kijiko kimoja kilichokusanyika kwa miezi miwili si sawa na kijiko kimoja cha tangu jana. Kampuni ya Bendix ya Marekani hutoa kikombe maalumu cha kupimia jambo hili. Asiye nacho akate chupa ya plastiki, akinge chini ya koki, aandike tarehe, kisha arudie baada ya wiki. Uji ukiachwa umwagike mchangani, ushahidi umepotea.

Dhana: oili ikizidi, dawa ni kompresa mpya

Mara nyingi kompresa inapitisha oili kwa sababu inafanyishwa kazi kuliko uwezo wake. Anza na uvujaji. Mfumo ukishajaa, gavana ya upepo huipumzisha kompresa. Kwa malori mengi ya Kimarekani hilo hutokea kwenye psi (kipimo cha shinikizo la upepo) 120 hadi 130. Hozi au busta (chombo kinachogeuza upepo kuwa nguvu ya breki kwenye gurudumu) ikivuja, kompresa haipati kupumzika, inachemka, na oili inapanda na upepo.

Kupima ni rahisi. Weka kabari kwenye magurudumu, jaza upepo, zima injini, achia breki, halafu tazama geji. Madereva wa Marekani hufundishwa kwamba lori peke yake lisipoteze zaidi ya psi 2 kwa dakika, na likiwa na tela moja, psi 3. Ukikanyaga pedeli na kuishikilia, mipaka inakuwa psi 3 na 4. Kwa geji ya bar, psi 3 ni kama bar 0.2 tu, kwa hiyo kodoa macho. Ikishuka, tafuta kwa povu la sabuni.

Kisha angalia filta ya hewa. Kwa lori linalokula vumbi la barabara za machimbo, filta huziba haraka, na kompresa inayovuta hewa kupitia filta hiyo ikinyimwa hewa huvuta oili kupitia kwenye ringi. Filta ni bei ndogo sana ukilinganisha na kompresa.

Sasa fungua paipu inayotoka kompresa kwenda kwenye draya (kikaushio cha upepo), na ingiza kidole. Huyu ndiye mkosaji anayesahaulika kuliko wote. Oili iliyoungua huganda humo kama masizi magumu, njia inakuwa nyembamba, upepo unasukumwa kwa shida, joto linapanda, na oili nyingine inaungua. Ukifunga kompresa mpya juu ya paipu hiyo, umeihukumu mapema. Usiikwangue kwa waya, badilisha.

Mwisho, njia ya oili kurudi kwenye injini. Mafundi wengine hupaka gundi ya gasketi kwa ukarimu wanapofunga kompresa, na gundi hiyo huziba tundu la kurudishia. Oili ikikosa pa kushukia, hupanda. Injini iliyochoka, yenye mgandamizo mkubwa chini kwenye sampu (bakuli la oili), huleta matokeo hayo hayo.

Yote haya yakiwa salama na oili bado ni nyingi, hapo ndipo unapokwenda kununua kompresa.

Dhana: uji mweupe kama maziwa ni maji ya rejeta

Kwa kawaida ni unyevu wa hewa uliochanganyika na oili, jambo la kutarajiwa pwani kwenye joto na unyevunyevu. Gasketi ya kichwa cha kompresa inaweza kweli kupitisha maji ya rejeta, lakini ikifanya hivyo maji hupungua bila sababu, au mapovu huonekana kwenye rejeta injini ikiwa inaunguruma. Kagua hayo kabla ya kufungua chochote.

Dhana: draya ipo, hakuna haja ya kumwaga mitungi

Punje za draya zikishapakwa oili hazinyonyi maji tena, na maji hayo huishia mitungini. Ndiyo, badilisha katriji yenye punje hizo, lakini baada ya kutibu chanzo.

Dhana: oili kidogo inalainisha valvu

Dhana hii inanitisha kuliko zote, kwa kuwa kuna wanaomimina dizeli au hata maji ya breki kwenye hozi ili "kusafisha". Mpira wa valvu na diaframu ukilowa vitu hivyo huvimba na kulainika. Valvu inachelewa kuachia, breki zinaburuza, ngoma zinachemka. Au diaframu inapasuka pale unapokanyaga kwa nguvu. Mfumo uliochafuka humwagwa, hupulizwa kwa upepo safi, na mipira iliyovimba hubadilishwa. Busta ya handibreki usiifungue kienyeji: spring iliyobanwa ndani yake inaua.

Tela nalo lisisahauliwe. Kichwa cha lori kikibadilishwa, oili ya kichwa cha zamani inabaki ndani ya tela. Kabla ya kuunganisha hozi nyekundu na ya njano, pitisha kitambaa cheupe ndani ya midomo yake, upande wa kichwa na upande wa tela, na usikubali kuunganisha mpaka umejua ule weusi umetoka upande gani.