Nyaraka za hospitali, jela na nyumba za malezi: ni kitu gani hasa?

Hapa Mombasa, mtu akilazwa hospitali ya Makadara, akifungwa jela ya Shimo la Tewa, au kijana akipelekwa shule ya urekebishaji ya Likoni, kabla hajaonyeshwa kitanda huwa ameshaandikwa. Jina, umri, anakotoka, nani kamleta, kafika saa ngapi. Maandishi hayo, na yote yatakayofuata hadi siku ya kutoka, ndiyo rekodi za taasisi. Shughuli ikishakwisha na karatasi zikaonekana bado zina kazi kama ushahidi, zinahamishwa zihifadhiwe daima, na hapo ndipo zinapoitwa nyaraka za kihistoria za taasisi za serikali.

Kwa hiyo si kila karatasi kuukuu iliyorundikwa stoo. Nyingi hazifiki mbali. Rekodi huanza wodini au katika ofisi ya jela ikiwa inatumika kila siku, ikishatulia inaingia masjala, na miaka ikipita inaamuliwa ama iende makavazi, yaani hifadhi ya kudumu ya nyaraka, ama iteketezwe. Uamuzi huo si wa mkuu wa taasisi peke yake. Sheria ya Kenya ya nyaraka za umma, Sura ya 19, ya mwaka 1965, ndiyo iliyounda Makavazi ya Kitaifa, na hairuhusu rekodi ya umma kuharibiwa bila idhini ya huko. Mwenye stoo iliyojaa anaweza kulalamika, lakini hana ruhusa ya kuwasha kiberiti.

Jambo ambalo watu wengi hawalitarajii ni kwamba rekodi hizi hazikuandikwa kwa ajili ya yule anayetajwa ndani yake. Taasisi ilikuwa inajiandikia yenyewe. Ukilishika hilo, mengi yanayoudhi katika nyaraka hizi yanaeleweka.

Chukua daftari la jela la kuandikisha wafungwa. Ni buku kubwa la jalada gumu, mstari mmoja unavuka kurasa mbili. Namba ya mfungwa, jina, kabila, dini, umri wa kukadiria, urefu, makovu na alama za mwilini, kosa, mahakama iliyohukumu, muda wa kifungo, tarehe ya kutoka, kisha namna alivyotoka: ameachiliwa, amehamishwa, ameshinda rufaa, ametoroka, amefariki. Kwa nini kovu? Kwa sababu mfungwa akitoroka, askari lazima ajue anamtafuta mtu wa namna gani. Kwa nini mahakama? Kwa sababu jela haina haki ya kumshika mtu bila waranti, na siku ya ukaguzi mkuu wa jela ataulizwa. Ndiyo maana mjukuu anaweza kugundua kwamba babu alikuwa na kovu kwenye muundi wa mguu wa kushoto, asipate hata neno moja la babu mwenyewe. Hakuna safu ya maneno ya mfungwa, kwa vile hakuna aliyekuwa akiyahitaji.

Mimi huanza na ile safu ya mwisho. Inasema mtu alikwenda wapi, na hapo ndipo pa kupata karatasi ya pili. Aliyehamishwa ana mstari mwingine kwenye jela nyingine, na aliyeshinda rufaa ana jalada mahakamani. Aliyefariki anatarajiwa kuonekana katika daftari la chumba cha maiti na kwa msajili wa vifo. Pembeni ya daftari hili kuna mengine: la adhabu za ndani, la stoo ya chakula, na kitabu cha matukio ambacho kila Mkenya anakiita OB. Daftari la chakula watu hulipita bila kulitazama, nao wanakosea. Idadi ya midomo ikiongezeka ghafla kwenye ukurasa wa posho, kuna kitu kilitokea wiki ile.

Hospitali nayo ina mgawanyo wake, kati ya jalada la mgonjwa na madaftari ya wodi. Jalada lina historia ya ugonjwa, chati ya homa, maandishi ya daktari, matokeo ya maabara. Ndilo kila mtu analolitaka, na ndilo la kwanza kutoweka, kwa kuwa majalada ni mengi mno na yanakula nafasi. Madaftari ndiyo yanayodumu: la kulazwa na kuruhusiwa, la uzazi, la upasuaji, la chumba cha maiti. Kila mgonjwa ana mstari mmoja tu, lakini mstari huo unaweza kukupa tarehe, wodi, ugonjwa kwa maneno mawili, na jina la aliyekuja naye. Mara nyingi jina la aliyekuja naye lina thamani kuliko ugonjwa.

Nyumba za malezi na shule za urekebishaji, pamoja na taasisi ya bostali (jela ya vijana) iliyopo Shimo la Tewa, zina rekodi zinazofanana na za jela kwa sura, ila ndani mna ripoti za maafisa wa watoto kuhusu hali ya nyumbani kwa kila mtoto. Kwa sababu hiyo ndizo nyeti kuliko zote: mtoto aliyeandikwa kwa hasira ya mtu mzima hakuwa na nafasi ya kujibu.

Sasa fikiria mama kutoka Kisauni amefika dirishani.

"Mwanangu, natafuta faili la marehemu babangu. Alifungwa Ngomeni, pale Fort Jesus, enzi za mkoloni."

"Alifungwa mwaka gani, mama? Na mahakama ipi?"

Mama anahisi kama anazungushwa, lakini swali ni la haki. Nyaraka hazipangwi kwa majina ya watu. Zinapangwa kwa ofisi iliyozitoa, na kwa mpangilio ule ule ofisi iliyokuwa ikiutumia. Ukiyaendea majalada ya enzi hizo katika Makavazi ya Kitaifa, lile jengo la Moi Avenue, Nairobi, lililokuwa la Benki ya India, utakutana na alama kama PC/COAST kwa ofisi ya kamishna wa mkoa wa Pwani, DC/MSA kwa kamishna wa wilaya ya Mombasa, na MOH kwa wizara ya afya. Hutapata rafu yenye jina la babu. Utauliza kwanza: ni ofisi gani ilikuwa na sababu ya kumwandika? Mpangilio huu haukuwekwa kwa ajili ya kumsumbua mtu. Karatasi iliyong'olewa kutoka kwenye jalada lake na kuwekwa kwa jina la mtu haioneshi tena nani aliiandika, akimjibu nani, na baada ya barua gani.

Na mtu mmoja huwa kwenye ofisi kadhaa. Fort Jesus, ngome ya Wareno ya 1593, Waingereza waliitumia kama jela kuanzia 1895 hadi 1958, na miaka miwili baadaye ikawa makumbusho. Jengo lilibadilika kazi, lakini karatasi za wafungwa ni za idara ya magereza, wala usizitafute kwenye makumbusho. Mgonjwa wa akili ndiye mwenye safari ndefu zaidi. Kabla ya hospitali ya Nairobi iliyofunguliwa 1910, na kuitwa Mathari mwaka 1924, wagonjwa kama hao walishikwa jela, na hata baadaye wengi walipitia mikononi mwa polisi na hakimu kwanza. Kwa hiyo bibi aliyetoka Mombasa akaishia Mathari anaweza kuwa kwenye OB ya kituo, amri ya hakimu, daftari la jela na daftari la hospitali. Ukikosa mlango mmoja, jaribu ule uliotangulia.

Safu ya kabila inahitaji uangalifu wa peke yake hapa Pwani. Serikali ya kikoloni iligawa watu kwa rangi hata hospitalini, na jela kwa kiwango cha posho: Mzungu na chake, Muasia na chake, Mwafrika na chake. Kuandikwa Mwarabu au kuandikwa mwenyeji kulibadilisha kodi na sahani. Ndugu wa tumbo moja wanaweza kuonekana kwenye madaftari mawili kama Mswahili na Mwarabu, na hakuna aliyedanganya zaidi ya mwenzake. Majina nayo karani aliyaandika alivyoyasikia: Athumani leo, Osman kesho, Othman keshokutwa, na "bin" ikiangushwa ili jina lienee kwenye safu. Tafuta kwa sauti, usitafute kwa tahajia.

Je, kilichoandikwa ni kweli? Hola inajibu. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola, mto Tana, wafungwa 11 waliozuiliwa wakati wa hali ya hatari ya Mau Mau waliuawa kwa kupigwa na walinzi walipokataa kufanya kazi kwa lazima. Taarifa ya kwanza ya serikali ilisema walikufa baada ya kunywa maji kutoka kwenye gari la maji. Uchunguzi wa maiti ukasema vingine: majeraha ya kipigo. Karatasi mbili za serikali ile ile, kifo kile kile. Msimamizi wa kambi alikuwa na la kuficha, daktari wa maiti alikuwa na mwili mbele yake. Ndiyo sababu mtafiti hashiki waraka mmoja akaondoka. Anauliza nani aliuandika, na je, kuna mwingine aliyeandika jambo lilo hilo akiwa na haja tofauti.

Kuhusu kambi za namna hiyo, zikiwemo Manyani na Mackinnon Road kwenye njia ya reli ya kwenda Nairobi, sehemu ya karatasi hazikubaki nchini. Waingereza walipoondoka walichoma baadhi na kusafirisha nyingine. Mwaka 2011, kesi ya wazee wa Mau Mau waliodai fidia kwa mateso ya kambini ikiwa mahakamani London, serikali ya Uingereza ilikiri kuwa na maelfu ya majalada ya makoloni yake ya zamani huko Hanslope Park, yakiwemo kama 1,500 ya Kenya. Mwaka 2013 ilikubali kulipa fidia ya pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228. Nusu karne majalada hayo yalihesabika kama hayapo. Mtu akikwambia "hakuna rekodi", mwulize kama ana maana ya hazikuandikwa, zimeharibika, au ziko kwingine. Ni majibu matatu tofauti kabisa.

Zilizoharibika nazo ni nyingi. Moto wa 1939 katika ofisi kuu za serikali Nairobi uliteketeza rundo la rekodi za awali. Na hapa kwetu hakuna haja ya moto: joto, unyevu wa bahari, mchwa na mende vinatosha. Pini ya chuma inaota kutu, kutu inakula karatasi pande zote, na ukurasa unabaki na tundu la kahawia mahali palipokuwa na sahihi.

Rekodi za leo ziko chini ya mikono miwili. Tangu ugatuzi wa 2013 hospitali kama Makadara na Port Reitz ziko chini ya kaunti, magereza yamebaki kwa serikali ya kitaifa. Hospitali za binafsi na za jamii, kama Pandya na Aga Khan, ni habari nyingine. Kama mzee wenu alikuwa na uwezo wa kutibiwa huko, usipoteze siku kwenye nyaraka za umma.

Nani anaruhusiwa kusoma? Kwa kawaida nyaraka za umma hufunguliwa zikitimiza miaka 30. Lakini Katiba ya 2010 inavuta kamba pande mbili: kifungu cha 35 kinampa raia haki ya habari zilizo mikononi mwa serikali, na cha 31 kinalinda faragha. Sheria ya 2016 ya kupata habari inaitaka ofisi ya umma ijibu ombi ndani ya siku 21, na ile ya 2019 ya kulinda data inaziweka habari za afya kwenye kundi la nyeti. Mimi naona hivyo ndivyo inavyopaswa. Mtoto wa mgonjwa ana haki ya kujua mama alifia wapi, na jirani hana haki ya kujua mama alikuwa anaumwa nini. Tatizo huwa ni daftari la wodi, ambamo mistari ya watu wengine iko juu na chini ya mstari wako. Omba usomewe au utolewe nakala ya mstari mmoja tu, na ombi lako litakuwa rahisi kukubaliwa.

Ukitaka kuanza, kaa na wazee kwanza. Mwaka unaweza kukisiwa kwa tukio: kabla ya uhuru au baada, wakati wa vita vya Hitla, mwaka wa njaa fulani. Waulize majina yote aliyoitwa marehemu, alikokuwa akikaa, na nani alikwenda kumwona. Kama kuna kadi ya hospitali, kipande (kitambulisho cha zamani) au karatasi ya kuachiliwa kwenye sanduku la nyumbani, namba iliyo juu yake ndiyo ya kuandika kwanza kwenye barua yako. Kwa mtu wa miaka ya karibuni, barua iende kwa taasisi yenyewe, ofisi ya rekodi. Kwa wa zamani, anza na Makavazi, ambayo yana kituo Mombasa pia. Taja ofisi, mwaka na jina katika tahajia zake zote, na uombe uambiwe kwa maandishi iwapo halikupatikana.