Kitini kilichoskaniwa hakisomeki

Wahadhiri wengi bado wanaamini kwamba ukishaskani kitini na kukituma kama PDF, kompyuta ya mwanafunzi asiyeona itamsomea. Sivyo. Ukurasa ulioskaniwa ni picha tu. NVDA, programu ya bure ya kusoma skrini iliyoanzishwa Australia mwaka 2006, hutafuta herufi. Isipozikuta husema ukurasa ni mtupu, au hunyamaza. Kutambua maandishi ndani ya picha kunawezekana, lakini makosa ni mengi, hasa kwenye fomula na majedwali.

Jaribu mwenyewe: buruta kipanya juu ya sentensi moja. Maneno yasipochagulika, mwanafunzi asiyeona naye hayapati. Tafadhali, tuma faili la Word ulilochapa, vichwa ukiviweka kwa mtindo wa vichwa (Heading) ulio ndani ya Word, si kukoleza herufi tu, ili aweze kuruka hadi mada anayoitaka.