Nomino na viwakilishi vya Kiingereza: pale ngeli zetu zinapotuponza

Chukua sentensi fupi: "Mwalimu amekuja." Ondoa neno "mwalimu", na bado unabaki na sentensi kamili: "Amekuja." Ile a- ya mwanzo imeshabeba kiima. Kitenzi cha Kiingereza hakina mzigo huo. "Has come" peke yake haisemi nani kaja, ndiyo maana panahitajika nomino au kiwakilishi mbele yake. Mwanafunzi anayetafsiri kiambishi kwa kiambishi huandika "The teacher he has come", na hapo ndipo makosa mengi ya viwakilishi yanapozaliwa. Si kwamba hajui kitu, ila Kiswahili chake ndicho kinachofanya kazi sawasawa mahali pasipo pake.

Mimi hulieleza jambo hili kwa mfano wa kiti. Kiima cha Kiingereza ni kiti kimoja. Akikaa "the teacher", "he" hana pa kukaa. Akikaa "he", "the teacher" asimame. Shamirisho nayo ina kiti chake. Katika "Nimempa Asha kitabu", ile -m- na jina Asha vinaishi pamoja bila ugomvi, lakini "I have given her Asha a book" ni kosa. Chagua "her" au "Asha".

Kirejeshi ndicho kinachosumbua hata watu waliokwisha kumaliza chuo. Sisi husema "kitabu nilichokinunua", ambapo -cho- na -ki- zote zinarejelea kitabu. Matokeo yake ni "the book which I bought it". Ukitaka kuona tatizo liko wapi, andika kwanza sentensi ndogo: "I bought the book." Sasa toa "the book", weka "which" badala yake, kisha ihamishie mbele: "which I bought". Nafasi iliyo nyuma ya "bought" imebaki wazi, na inatakiwa ibaki hivyo hivyo. Ukiijaza kwa "it", umekitaja kitabu kile kile mara mbili ndani ya kishazi kimoja.

Kiti cha kiima, kwa upande wake, hakiruhusiwi kukaa kitupu hata pale asipokuwepo wa kukikalia. Sisi tunasema "Ni saa nne" na "Ni vigumu kumpata", tumemaliza. Kwa Kiingereza "Is ten o'clock" haikubaliki. Lazima "It is ten o'clock", "It is difficult to reach him". Hiyo "it" haiwakilishi kitu chochote. Imewekwa ishike nafasi tu, kwa hiyo usijisumbue kutafuta nomino yake.

Umilikishi unastahili muda zaidi. Kwetu, -ake hufuata ngeli ya kile kinachomilikiwa: mke wake, kitabu chake, nyumba yake, magari yake. Mwenye mali akiwa mwanamume au mwanamke, hakuna kinachobadilika. Kiingereza kimegeuza mambo: mali haitazamwi kabisa, anatazamwa mwenyewe. Mtu anayeandika "Juma and her wife" amefanya kile ambacho Kiswahili kimemzoesha, yaani kupatanisha neno na nomino iliyo jirani. Dawa yake ni kujiuliza "ya nani?" kabla ya kuandika. Weka kidole kwenye jina la mwenye mali: ni Juma, kwa hiyo "his". Baada ya hapo tu ndipo uandike "wife". Mwenye mali akiwa mwanamke ni "her", kitu ni "its", wengi ni "their".

Tazama sentensi hii: "Alimpa mama yake simu yake." Jinsia haikutajwa popote isipokuwa ya mama. Kwa Kiingereza inaweza kuwa "He gave his mother his phone", au "He gave his mother her phone", au "She gave her mother her phone", na bado simu inaweza kuwa ya mtu mwingine kabisa. Huwezi kuitafsiri ukiwa umeikata peke yake. Rudi sentensi mbili tatu nyuma umtafute aliyetoa na mwenye simu. Jinsia isipojulikana kabisa, kama katika "Mtu ameacha mwavuli wake", andika "Someone has left their umbrella". Wapo wanaodhani hilo ni kosa jipya la vijana, lakini "they" ya mtu mmoja asiyejulikana imo katika maandishi ya Kiingereza tangu karne ya 14. "His or her" nayo ni sahihi, ila ikirudiwa mara nne katika aya moja inachosha.

Wanyama kwetu wamo katika ngeli ya A-WA pamoja na watu. Kwa Kiingereza ng'ombe wa zizini ni "it", na mbwa au paka mwenye jina lake nyumbani ndiye huitwa "he" au "she".

Tuje kwenye nomino zenyewe. Maji, maziwa na mafuta yana ma- ya wingi na upatanisho wa wingi: maji haya, mafuta yale. Kiingereza huvihesabu vyote kuwa umoja: "This water is hot", si "These waters are hot". Nywele ni hivyo hivyo: "Her hair is long." Kisha mambo yanageuka: suruali moja na mkasi mmoja huwa wingi, "My trousers are dirty", "The scissors are on the table". "Police" ni wingi, ilhali "news", pamoja na s yake ya mwisho, ni umoja: "The news is good."

Kundi linalopoteza alama nyingi zaidi ni hili: furniture, information, advice, equipment, luggage, homework. Hayapokei s wala "a". Kwa kuwa sisi tunasema vifaa vingi na mizigo mitatu, mkono huongeza s wenyewe. Ukitaka kuhesabu, hesabu kipande: "a piece of advice", "three pieces of luggage", "two loaves of bread", "a bar of soap". Kamusi nyingi za wanafunzi huweka herufi C kando ya nomino ya kuhesabika na U kando ya isiyohesabika. Zoea kuiangalia kila unapojifunza neno jipya, kwa sababu maana ya neno peke yake haikupi jibu. Neno lingine lina zote mbili: "I ate chicken" ni kula nyama ya kuku, bali "I ate a chicken" ni kummaliza kuku mzima.

Kuna mtego mmoja ambao vitabu huupita. "Tulienda na Juma" kwetu inaweza kuwa watu wawili tu, mimi na yeye. "We went with Juma" inahitaji watatu au zaidi, kwa sababu Juma hahesabiwi ndani ya "we". Mkiwa wawili, sema "Juma and I went". Ukisita kati ya "I" na "me", mfute Juma usome tena: "me went" inakataa papo hapo.

Usichanganye pia -ji- na -ana. "Wanajipenda" ni "They love themselves". "Wanapendana" ni "They love each other". Mwanafunzi akiandika ya kwanza kuhusu maharusi, amesema kila mmoja anajipenda mwenyewe.

Mwisho ni ritifaa, yaani alama hii ('). Nomino inayomiliki huipata, "Asha's book", lakini viwakilishi vimilikishi havina kamwe: hers, ours, yours, theirs, its. "It's" ni ufupisho wa "it is" au "it has". Kila ukiikuta katika kazi yako, isome kwa urefu wake. "The dog hurt it is leg" haileti maana, basi ritifaa itoke.